Mapogo walikuwa sita

Sabi Sand, Afrika Kusini

Mama mpendwa, shikamoo. Nanyi wadogo zangu, hamjambo? Mimi ni mzima, kazi ya kufuatilia simba inaendelea.

Mama, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unauliza kama bado nalala karibu na simba. Bado, lakini nalala ndani ya nyumba ya matofali, na usiku hatutoki bila mlinzi, kwa hiyo usikeshe kwa ajili yangu. Kilichonifanya nichukue kalamu ni swali la kitindamimba wetu: "Si majike ndio wanaowinda? Sasa nyinyi mnawafuata madume wa nini?" Swali hilo siwezi kulijibu kwenye simu.

Kwanza, mdogo wangu, dume anawinda. Watafiti waliowavisha simba wa hifadhi ya Kruger mikanda ya kuonyesha walipo waligundua kwamba madume huvizia kwenye vichaka vizito, mahali ambapo watu wengi hawawaoni. Ndiyo maana tukabaki na picha ya dume mvivu anayesubiri kulishwa. Angekuwa hivyo kweli, asingevuka ujana. Akifika miaka miwili au mitatu anafukuzwa kwenye kundi alikozaliwa. Hana eneo wala jike wa kumsaidia, na kila anapokanyaga pana dume mkubwa mwenye haki ya kumuua. Anayevuka kipindi hicho kwa kawaida ni yule aliyefukuzwa pamoja na kaka zake, au na watoto wa mama zake wadogo waliokua naye.

Wahenga wetu walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kila nikiwatazama simba, methali hiyo inanigomea. Dume wa peke yake ndiye anayekosa zizi. Wawili wanaweza kulipigania, na wanne wanaweza kulitwaa. Kule Serengeti, ambako simba wamefuatiliwa tangu mwaka 1966 alipoanza mtafiti George Schaller, na baadaye mwenzake Craig Packer akaendeleza kwa miongo, iligundulika kwamba wawili au watatu wanaweza kuungana hata kama si ndugu, lakini miungano ya wanne na kuendelea karibu yote ni ya damu moja. Sababu yake imenikaa moyoni. Kwenye muungano mkubwa, wachache ndio wanaopata watoto wengi. Aliyekosa anaendelea kupigana kwa sababu wale watoto ni wa kaka yake.

Kuwatambua tunatumia vidoti vilivyo juu ya sharubu. Mpangilio wake haubadiliki tangu utotoni hadi kufa, kama alama za vidole vyetu. Makovu yanaongezeka, sikio linachanika, singa za shingoni zinakuwa nyeusi kadiri umri na afya vinavyoruhusu, lakini vidoti vinabaki vilevile. Mwanzoni niliona wote wanafanana. Siku hizi namjua dume kwa mwendo kabla sijaona uso wake.

Sasa niwaambie habari za Mapogo, maana huku huwezi kukaa wiki moja bila kuzisikia. Sabi Sand ni eneo la hekta kama 65,000 lililopakana na Kruger, na tangu mwaka 1993 hakuna uzio katikati. Simba huja na kuondoka wanavyotaka. Mwaka 2006 madume sita waliteka upande wa magharibi. Watano walizaliwa kwenye kundi moja humuhumu. Wa sita, Makhulu, ndiye aliyekuwa mkubwa wao, na inaaminika alitoka nje akajiunga nao wakiwa bado wadogo. Jina la Mapogo walilipata kutoka kwa kikundi cha raia wa huku waliojichukulia ulinzi mikononi, kitu kama sungusungu wetu, kilichoogopwa kwa ukali wake.

Nao walikuwa wakali. Waliangusha nyati, twiga, hata viboko. Waliua simba wengine kwa wingi, madume, majike na watoto, mpaka wenzangu waliokuwepo wakati ule wanapohesabu wanafika mahali wananyamaza. Sita ni wengi mno. Hakukuwa na wa kuwazuia.

Mama, najua habari ya watoto kuuawa itakuumiza. Hata mimi iliniumiza, na mpaka leo sijaizoea. Jike anayenyonyesha hashiki joto la kupandwa. Watoto wake wakifa, baada ya muda mfupi anakuwa tayari kupandwa, na mimba ya simba ni siku 110 hivi tu. Watoto wanahitaji ulinzi kwa takriban miaka miwili, na dume hana hakika ya kukaa na kundi kwa muda mrefu zaidi ya huo. Kwa hiyo akiingia, anawaua waliozaliwa na aliyemtangulia. Nimewahi kumsikia jike akiita watoto wake usiku kucha, kwa ile sauti ndogo ya chini anayowaitia. Asubuhi bado alikuwa anaita. Hatuingilii. Hiyo ndiyo sheria ya hapa na naiona ni sahihi, lakini siku ile kwenye gari hakuna aliyetaka kuongea.

Baadaye Mapogo waligawanyika. Wawili, Mr T na Kinky Tail, walihamia mashariki, wanne wakabaki magharibi. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na sidhani ni bahati mbaya. Juni 2010 waliingia madume watano wanaoitwa Majingilane. Mr T na Kinky Tail wakamjeruhi mmoja wa wageni hao vibaya hadi akafa. Wageni wanne waliobaki wakarudi. Kinky Tail akazingirwa, akauawa, na wakala sehemu ya mwili wake. Mr T alikuwepo, akaona hali ilivyo, akakimbia.

Alirudi kwa ndugu zake magharibi. Walimpokea baada ya kutunishiana misuli, na yeye akawaua watoto waliozaliwa na ndugu haohao. Nimewauliza watu wengi huku kuhusu kitendo hicho, na kila mmoja ana maelezo yake. Mimi naamini aliporudi alikuwa mgeni, na aliwatendea kama mgeni anavyotenda. Machi 2012 naye akauawa na madume wanne vijana walioitwa Selati. Makhulu na Pretty Boy, Mapogo wa mwisho waliosalia, wakiwa wazee, wakaondoka kuelekea Kruger, wakaonekana mara chache, kisha hawakuonekana tena. Majingilane wakatawala kwa miaka kadhaa, nao wakazeeka, wakaondoka.

Madume ninaowafuata sasa wanaingia kwenye hesabu hiyohiyo. Ndiyo sababu ninawafuata madume, mdogo wangu. Kundi la majike linaweza kukaa mahali pamoja bibi, mama na mjukuu. Dume ana miaka michache tu, na yote aliyonayo ni waliosimama pembeni yake.

Ukitaka habari ya kukutuliza, tafuta ya Jacob wa kule Uganda. Mguu wake mmoja aliupoteza kwenye mtego wa wawindaji haramu. Februari 2024 aliogelea mfereji wa Kazinga pamoja na kaka yake Tibu, zaidi ya kilomita moja ya maji yenye mamba na viboko, usiku, kwa miguu mitatu. Walijaribu, wakarudi, wakajaribu tena. Inadhaniwa walikuwa wanatafuta majike. Niliitazama ile picha iliyopigwa kutoka angani, madoa mawili yanasogea majini, moja nyuma ya jingine.

Madume wawili ninaowafuata mwaka huu ni kaka, nilishawaeleza. Yule mwenye singa nyeusi alianza kuchechemea wiki tatu zilizopita, mguu wa nyuma wa kulia. Nyayo zake zilionyesha kabla hatujamwona: ule mguu unagusa mchanga kidogo tu. Mwenzake alikuwa anatangulia kidogo, analala, anamsubiri, kisha wanasonga tena. Walikula mzoga wa nyati pamoja na nikapata matumaini.

Simba wakinguruma usiku mtulivu unaweza kuwasikia hata umbali wa kilomita nane, na hawa kwa kawaida wanapokezana, mmoja anaanza na wa pili anadakia kabla hajamaliza. Kwa usiku nne sasa nasikia mmoja. Ananguruma, ananyamaza kwa muda mrefu kuliko kawaida, kama anayetega sikio, kisha ananguruma tena. Na upande wa kusini kuna sauti ngeni, nahesabu tatu.

Kesho tunatoka saa kumi na moja alfajiri kufuata nyayo kuanzia kwenye korongo tulipomwona mara ya mwisho. Simu yangu haitapatikana mpaka mchana. Mama, nikirudi nitakupigia.

Mwanao akupendaye.