Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: moto na msitu wetu wa Arabuko Sokoke mwaka huu

Salaam aleikum, na wale wengine Bwana asifiwe. Wazee wangu, kina mama, vijana, nianze na kosa langu kabisa. Kaskazi ikivuma, majani makavu, tuliita mkutano wa moto Ijumaa asubuhi, tukakodi viti na spika, wakaja wanaume watupu, wengine wanaulizia posho, na mimi nikahubiri saa nzima. Wiki mbili hazijaisha moshi huo upande wa Jilore, pembeni mwa msitu. Waliouona mwanzo si kamati, ni kina mama waliokuwa wanaokota kuni, wakavunja matawi mabichi wakaupiga ule moto huku wanapiga ukelele mpaka vijana wa boda wakafika. Na hao ndio hatukuwaita. Niliona haya, sitaficha.

Chanzo kilikuwa biwi la shambani, limewashwa mchana jua la utosi na upepo unaelekea msituni. Aliyewasha ni jirani yetu, si mtu mbaya, ila hakuna aliyewahi kumwambia. Basi spika tumeacha, sasa tunapita nyumba kwa nyumba kabla ya masika, wakati kila mtu anafyeka. Tunayoomba ni machache: choma alfajiri umande ungalipo, fyeka pembeni mpaka udongo uonekane, washia ule upande upepo unakokwenda ili moto urudi taratibu ukipigana na upepo, mwambie jirani, na usiondoke mpaka majivu uyaguse kwa mkono.

Warina asali tuliwaogopa bure. Wanaingia na vijinga kufukuza nyuki, kijinga kikisahauliwa chini ya mti wa mrihi ndo basi tena. Wengine mlitaka tuwakamate, mimi nikasema tuwaulize kwanza, kumbe mzee mmoja miaka yote kijinga chake hukizima kwa mchanga, anasema vijana ndo wana haraka. Sasa yeye ndiye anayewafunza, na wanamsikiza kuliko sisi.

Kuna wanaosema msitu ni wa serikali acha wazime wenyewe. Jamani! Sheria ya misitu ya 2016 inakataza kuwasha moto msituni bila ruhusa, lakini hiyo hiyo inatupa sisi majirani nafasi kwenye usimamizi. Arabuko Sokoke ni kama kilomita mraba 420, mizinga yetu imo, na wanaofuga vipepeo wa mradi wa Kipepeo pale Gede tangu 1993 wanategemea majani ya humohumo kulishia viwavi. Na nyumba zetu makuti, cheche moja tu inatosha, hiyo simwelezi mtu wa Malindi.

Hesabu mweka hazina ataisoma mwenyewe, mimi sigusi.

Mkutano ujao ni jioni, kina mama wakisharudi kuni, na kiongozi wa kamati ya moto safari hii nataka atoke kwao. Mwenye reki ya ziada aje nayo, zile tulizoazima mwenyewe keshazidai.