Mwambie Baba Mdogo hatutanuki

Mdogo wangu Rehema,

Salamu sana. Mama mpe shikamoo yangu, mwambie ni mzima na kazi zinakwenda. Ada ya Zuhura nimeshatuma.

Sasa tuje kwa Baba Mdogo, maana ile sauti aliyorekodi imeninyima raha wiki nzima. Eti saa za angani hazilingani na zetu kwa sababu ulimwengu unatanuka, na sisi tunatanuka nao! Amechanganya mambo mawili, tena mbele ya watoto, na kazi hii ndiyo ninayoijua.

La kwanza ni mvutano. Saa iliyo karibu na kitu kizito hutembea polepole kuliko iliyo mbali nacho, na si saa tu, ni kila kinachotokea hapo. Hesabu yake fupi: zidisha 9.8 (kipimo cha mvutano wa Dunia) kwa tofauti ya urefu kwa mita, ugawe kwa kasi ya mwanga iliyozidishwa kwa yenyewe; utapata ni sehemu gani ya muda ambayo saa hizo hupishana. Saa mbili zikipishana mita moja, ya juu huitangulia ya chini nanosekunde (bilioni moja ya sekunde) 3.4 kwa mwaka. Na inapimika! Mwaka 2022 wataalamu wa JILA, taasisi ya utafiti wa fizikia huko Colorado, Marekani, walichapisha kipimo cha tofauti hiyo ndani ya kundi la atomi za strontiamu lenye urefu wa milimita moja. Milimita, Rehema. Sijaona kipimo kilichonifurahisha kama hicho.

Setilaiti za GPS, zile zinazoiambia simu yako iko wapi, ziko kilomita 20,200 juu yetu. Mvutano huko ni hafifu, kwa hiyo saa zake hutangulia mikrosekunde (milioni moja ya sekunde) 45 kwa siku. Mwendo wake unazirudisha nyuma 7, zinabaki 38. Mwanga hukata mita 300 kwa mikrosekunde moja, basi hitilafu hiyo ikiachwa, kwa siku moja tu umbali unaopimwa unakosewa kilomita 11. Dawa hutiwa kabla ya kurusha: mapigo ya saa hutegwa megahezi (milioni ya mapigo kwa sekunde) 10.22999999543 badala ya 10.23, ili ikishafika juu tuipokee kama 10.23 kamili. Kutanuka kwa ulimwengu hakumo kabisa katika hesabu hiyo.

Kutanuka ni jambo la pili, na hapo saa ya kule haina kosa. Chukua supanova, yaani nyota iliyolipuka, ya mbali. Mwali mmoja umeondoka, mwingine ukafuata siku 20 baadaye. Njiani, anga iliyo kati yao imetanuka. Kama mawimbi ya mwanga yametufikia yakiwa marefu maradufu, na pengo la miali hiyo limekuwa maradufu: sisi tunaona siku 40. Wanaoanza hukosea hapa. Katika supanova za aina ya Ia, tunazozitumia kupima umbali, zinazofifia taratibu ndizo zenye mng'ao mkubwa, kwa hiyo usipogawa siku hizo kwa mbili kwanza, utadhani inafifia taratibu, utaiona kali kuliko ilivyo, na umbali wake utaupeleka mbali mno.

Na sisi je? Anga hutanuka kwa takriban kilomita 70 kwa sekunde kwa kila umbali wa miaka ya nuru (mwendo wa mwanga kwa mwaka) milioni 3.26. Galaksi ya Andromeda iko umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5, kwa hiyo ingepaswa kutukimbia kwa kilomita 54 hivi kwa sekunde. Badala yake inatujia kwa 110, kwa kuwa mvutano wake na wa Njia Nyeupe, galaksi yetu, umeshaushinda mtanuko. Ikiwa galaksi mbili zimekataa kutanuka, sembuse mwili wa mtu, ulioshikwa na nguvu za umeme kati ya atomi zake?

Nimpe haki yake kwa moja: mvutano na mtanuko vyote vinatoka katika milinganyo ileile ya Einstein ya mwaka 1915. Ila chimbuko kuwa moja hakufanyi saa ya setilaiti na supanova kuwa kisa kimoja.

Nimewakumbuka mno. Usiku usio na mwezi, mbali na taa, Andromeda huonekana kwa macho matupu kama doa la ukungu. Mtoe Baba Mdogo nje, mwonyeshe, umwambie inakuja, haiendi.

Dada yako