Sabuni ya mwani iliyopauka haijaharibika

Jua likianza kukaza tunarudishiwa sabuni ile ile. Ilinunuliwa ikiwa ya kijani, ikawekwa dirishani bafuni, na mwezi haujaisha imekuwa rangi ya majani makavu. Mteja anauliza kama tumemuuzia iliyokwisha muda. Hapana. Kilichopotea ni rangi tu, na rangi hiyo si sisi tuliyoitia.

Tunatumia spinosamu, mwani unaolimwa kwa vijiti na kamba Paje na Jambiani, Unguja, tangu 1989. Kisayansi huhesabiwa kuwa mwani mwekundu, ingawa ukishuka pwani maji ya bamvua yakitoka utaukuta wa kahawia, wa kijani, hata wa zambarau. Ndani yake rangi zimechanganyika: klorofili ya kijani, karotenoidi za manjano, na fikoerithrini, ambayo ni nyekundu. Hii nyekundu ndiyo dhaifu kuliko zote. Imeshikana na protini, kwa hiyo moto huiharibu kama unavyougeuza ute wa yai, na magadi ya kupikia sabuni huimaliza kabisa. Klorofili hustahimili zaidi, lakini mwanga huila kidogo kidogo. Wakulima wetu wanalijua hili bila maabara: mwani ulioanikwa ukanyeshewa, kisha ukapigwa jua, hupauka hadi kukaribia weupe. Ndiyo maana sisi tunaanika kivulini, juu ya chanja, japo hukawia.

Karotenoidi hizo, pamoja na fenoli, kemikali nyingine za asili za mwani, ni antioksidanti, yaani vitu vinavyozuia uharibifu unaoletwa na oksijeni. Maabara huzipima kwa kimiminika cha zambarau kinachoitwa DPPH: ukitia dondoo la mwani lenye nguvu, zambarau hufifia na kuwa manjano. Napenda sana kipimo hiki, kwani unaona kazi kwa macho. Ila chupa si ngozi, na sabuni huoshwa baada ya dakika moja. Hatutaandika kwenye karatasi yake kwamba inaondoa makunyanzi. Anayetaka mwani ukae mwilini achukue mafuta yetu ya nazi yaliyolowekwa mwani mkavu, maana karotenoidi huyeyuka kwenye mafuta. Tunayauza kwenye chupa nyeusi kwa sababu ya mwanga huo huo.

Tumeshauriwa mara nyingi tutie rangi ya dukani. Hatutatia.

Sabuni yako iweke mbali na dirisha, kwenye kisahani kinachochuja maji. Iliyoharibika kweli utaijua kwa harufu ya mafuta yaliyochacha na madoa ya rangi ya chungwa. Hiyo irudishe, tutakupa nyingine.