Nusu aliyoitupa baharini

Mwanangu,

Salamu kutoka Tanga. Huku hatujambo. Mama yako kifua kimemwachia, mwembe umeanza kutoa maua, na umeme unakatika kama ulivyouacha. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umesema mada ya tasnifu umeipata, na hoja yenyewe ni kwamba vita vya Marekani ni vya rais, na Kongresi, yaani bunge la nchi ile, ni pambo tu. Umeisema kama mtu aliyekwisha kushinda kesi. Nikacheka peke yangu barazani, nikamkumbuka James Bryce.

Najua utasema baba kaanza na marehemu wake. Nivumilie. Huyu alizaliwa Belfast mwaka 1838, akawa profesa wa sheria Oxford, mbunge wa Uingereza, tena mpanda milima aliyefika kilele cha Ararat. Mwaka 1870 alivuka kwenda Marekani mara ya kwanza, yeye na rafiki yake Dicey, akarudi na furushi la kauli nzito kuhusu nchi ile. Alipokwenda tena mwaka 1881, nusu ya kauli hizo akazitupa. Safari ya tatu ilikuwa ya 1883, na katika zile zilizosalia, nyingine zikaishia ndani ya Atlantiki wakati anarudi nyumbani. Hilo simsingizii, amelikiri mwenyewe mwanzoni mwa The American Commonwealth, kitabu chake juu ya siasa za Marekani kilichotoka mwaka 1888, yaani miaka 18 tangu safari ya kwanza. Wewe umekaa na mada yako wiki sita.

Kitabu chake mimi nakipendea jambo moja. Mfaransa Tocqueville, aliyemtangulia kwa nusu karne, alikwenda Marekani kuitafuta demokrasia. Bryce alikwenda kutazama mashine inavyozunguka. Jina la mgombea hutoka wapi kabla mpigakura hajaliona kwenye karatasi? Nani anagawa vyeo vya posta na forodha, na anayepewa analipa nini kwa chama? Hayo hayakuwa mambo madogo: mwaka ule wa safari yake ya pili, Rais Garfield alipigwa risasi na mtu aliyekasirika kwa kukosa cheo. Halafu kuna sura nzima inayouliza kwa nini watu wakubwa hawachaguliwi kuwa marais. Kichwa hicho peke yake kingetosha kuniuzia kitabu.

Sasa twende kwenye vita vyako. Bryce anasema rais hana mamlaka ya kutangaza vita, ila anaweza kuyasukuma mambo mpaka mahali ambapo Kongresi inapata tabu kukataa. Mfano wake ni Rais Polk. Usiupite mfano huo mbio, ufungue. Mapema mwaka 1846 Polk aliamuru jeshi la Jenerali Taylor lisogee hadi Rio Grande, kwenye ardhi ambayo Mexico nayo iliidai. Aprili damu ikamwagika. Mei akaiomba Kongresi itambue kwamba vita vipo, na watu wa chama chake wakaleta muswada ambamo tangazo la vita limefungwa pamoja na fedha za askari walioko uwanjani. Sasa nani atasimama kuwanyima askari risasi? Waliokataa katika Baraza la Wawakilishi walikuwa 14, waliokubali 174. Januari 1848 baraza hilo, likiwa na wajumbe wapya, lilipitisha kwa kura 85 dhidi ya 81 maneno kwamba vita vile vilianzishwa na rais bila sababu na kinyume cha katiba. Mmoja wa wabishi alikuwa mbunge mgeni kutoka Illinois, Abraham Lincoln, aliyetaka aonyeshwe mahali penyewe damu ilipomwagika. Maji yalikuwa yamekwisha mwagika, sawa, lakini pambo halipigi kura ya namna ile. Kwa hiyo neno lako "pambo" nalitilia shaka. Kongresi ina nguvu, ila husukumwa mahali pembamba.

Nguvu hiyo Bryce mwenyewe aliionja. Kuanzia 1907 hadi 1913 alikuwa balozi wa Uingereza Washington, na mwaka 1909 alitia saini na Root, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, mkataba wa maji ya mpakani baina ya Marekani na Kanada, ambao unafanya kazi hadi leo. Saini ya waziri haikutosha. Ilibidi theluthi mbili za Seneti, baraza la pili la Kongresi, zikubali. Muulize Rais Wilson yaliyompata mwaka 1919 alipoupeleka mkataba wa amani wa Versailles mbele ya Seneti hiyo hiyo, ukakataliwa.

Lakini siko upande mmoja. Agosti 7, 1998 nilikuwa Dar, Msasani, nasubiri fundi amalize kuziba pancha ya baiskeli. Mlio ulipokuja, beseni la maji la fundi lilitikisika, yakamwagikia miguuni. Yeye alidhani ni tairi la lori. Ulikuwa ubalozi wa Marekani, Barabara ya Laibon. Watu 11 walikufa pale, na Nairobi zaidi ya 200. Siku 13 baadaye makombora ya Marekani yakapiga Sudan na Afghanistan, na Kongresi haikutangaza vita vyovyote. Tangazo lake la mwisho ni la mwaka 1942. Hapo unayo hoja.

Bryce aliandika kwamba Marekani ya wakati wake inasafiri kwenye bahari tulivu, mbali na ugomvi wa Ulaya, akaongeza kwamba huenda isiwe hivyo siku zote. Huku kwetu zama zile Marekani ilikuwa kitambaa. Bibi yako mpaka anakufa aliita shuka nyeupe merikani. Mwaka 1898 ikaja vita na Hispania, zikachukuliwa Puerto Rico, Guam na Ufilipino, na katika toleo la 1910 mzee ikambidi aongeze sura juu ya makoloni ya ng'ambo.

Ninapogombana naye ni juu ya majimbo ya Kusini ya Marekani. Mwaka wa safari yake ya kwanza ndio Marekebisho ya 15 ya katiba yalipoanza kulinda kura ya mtu mweusi, na Hiram Revels, mtu mweusi wa Mississippi, alikuwa amekaa Seneti. Bryce akaja kuandika kwamba kura ile ilitolewa kwa pupa, kwa watu wasio tayari. Hayo ni masimulizi ya waliokuwa mabwana wa watumwa. Mtu aliyejua kuuliza nani anamteua karani wa posta, hapa hakuuliza nani anamsimulia. Alipokelewa sebuleni, uani hakufika. Na wewe huko, angalia unakaribishwa chai na nani.

Nina ombi. Toleo la kwanza lilikuwa na sura ya Frank Goodnow juu ya Tweed na genge lake la wanasiasa lililoila fedha ya New York. Meya wa zamani wa mji huo, Oakey Hall, akamshitaki Bryce kwa kashfa, na sura ikaondolewa. Nakala yangu haina. Maktaba yenu haitakosa ile ya 1888. Zipige picha kurasa hizo kwa simu, unitumie usiku, bando la usiku ni rahisi.

Baba yako