Bwana Mhariri, namba ya kwenye boksi la risasi si ya bunduki yako

Bwana Mhariri,

Salamu kutoka Lanet, Nakuru. Gazeti lenu nasoma kila siku na huwa siandiki, lakini hii maneno ya bastola kubwa imenichosha masikio. Kila mahali wenye vyeti vya bunduki wakikutana, iwe harusi, iwe matanga huko Kakamega, hata kwa foleni ya benki, utasikia mmoja akisema bastola yake ya Ceska ya 9mm ni ya watoto, ati angepata .44 Magnum ama ile .500 ndio angelala vizuri, na mwingine anaongeza kwamba Marekani watu wanajijazia risasi nyumbani na hizo ndizo moto kushinda za kiwanda. Mimi nilikuwa fundi wa silaha jeshini mpaka nikastaafu, siku hizi ni kuku na sukuma wiki, na ninachotaka kusema ni kimoja tu. Risasi haijulikani kwa jina lake wala kwa namba ya mwendo iliyochapishwa kwa boksi, inajulikana ikipimwa ndani ya bunduki ile ile itakayoipiga, na hapa kwetu hiyo kazi ya kupima watu wanaiona kama kupoteza pesa.

Nina mpwa wangu Texas, dereva wa lori, mtu wa revolva sana, zile bastola za silinda inayozunguka na risasi ndani. Nilipomtembelea akanipeleka reinji, ule uwanja wa kulengea shabaha, kupima risasi za kiwanda na zile anazojaza mwenyewe gereji yake. Mimi sikupiga hata moja manake mgeni wa viza ya matembezi sheria ya kule haimruhusu kushika bunduki hivi hivi tu, kwa hivyo nikafanywa karani, nikapewa kiti, miwani, vya kuziba masikio na daftari. Na niseme ukweli karani ndiye anaona mengi kushinda mpigaji, mpigaji anapepesa macho.

Bastola yenyewe ilikuwa Ruger Redhawk ya .44 Magnum, mtutu inchi 7 na nusu, na rafiki yake akaja na nyingine kama hiyo, mtutu sawa, modeli sawa. Mbele yao wakaweka kronografu, kale kamashine ka macho mawili, risasi ikipita jicho la kwanza saa inaanza, ikipita la pili inasimama, halafu unasomewa ni futi ngapi kwa sekunde. Jua likipiga vibaya haioni kitu, mpwa wangu akaikatia kadibodi ya kuitilia kivuli huku akiitukana. Sasa sikiza. Boksi moja, risasi za kichwa, kile kipande kinachoruka, cha greini 240, yaani gramu 15 na nusu hivi, zikagawanywa nusu kwa nusu. Bastola ya rafiki ikawa inatoa polepole kuliko ya mpwa wangu, na si mara moja, kila mviringo wa silinda. Wakaanza kubishana kuhusu mpigaji, mimi nikaomba fila geji, ile mafundi wa magari wanapimia valvu, nikawaambia wapime ule mwanya ulio kati ya silinda na mtutu. Ya rafiki ilikuwa wazi zaidi. Hapo ndipo gesi inatorokea, na gesi iliyotoroka haisukumi kitu. Bastola mbili pacha, risasi za boksi moja, mwendo tofauti, sasa hiyo namba ya kwenye boksi ni ya nani?

Ni ya mtutu wa maabara. Kiwanda kinapima kwa mtutu wa majaribio, wakati mwingine mrefu kuliko wako, na zamani hata hiyo mitutu haikuwa na mwanya wowote wa kutoroshea gesi, ndio maana katalogi za miaka ile zilisoma vizuri sana na revolva ya mtu nyumbani haikufika huko. Si uongo, ni namba ya chombo kingine. Mwenye bastola ya mtutu mfupi akisoma futi 1,350 kwa sekunde kwa boksi asidhani amebeba 1,350.

Tena watu wanachanganya ukubwa wa risasi na presha yake, ile nguvu ya gesi baruti ikiwaka ndani, na hii ndiyo inanikera kuliko zote. Kiwango cha juu cha presha cha .44 Magnum kwa vipimo vya SAAMI, lile shirika la viwanda vya Marekani, ni pauni 36,000 kwa inchi mraba. Ile 9mm mnayoiita ya watoto ni 35,000. Zimekaribiana! Na .45 Colt ya mwaka 1873, kichwa kikubwa kushinda zote mbili, ni 14,000 tu. Halafu kuna .454 Casull ambayo kwa unene ni ndugu ya hiyo .45 Colt, yenyewe ni 65,000, hiyo ni presha ya bunduki ndefu ya vita ndani ya mkono wa mtu, na .500 ya Smith & Wesson iliyotoka 2003 ni 60,000. Tairi ya gari dogo inabeba pauni thelathini na kitu, sasa piga hesabu. Kwa hivyo mtu akikuambia "hii ni kubwa" muulize kubwa wapi, kwa tundu, kwa uzito, kwa mwendo ama kwa presha, nne hizo haziendi pamoja.

Historia yenyewe ya .44 Magnum inafundisha. Kulikuwa na mzee mmoja Idaho, Elmer Keith, mfugaji na mwandishi, aliyekuwa anajaza risasi kupita kiasi mpaka akapasua bastola ya .45 Colt, ndipo akahamia .44 Special ambayo silinda yake ilibaki na chuma kinene zaidi kuzunguka tundu, akaendelea kusumbua viwanda miaka na miaka mpaka Remington na Smith & Wesson wakaitoa Magnum 1955 kuelekea 1956. Na kiwanda kilifanya nini? Kilirefusha ganda kidogo, kama moja kwa nane ya inchi, makusudi ile risasi mpya isiingie kwa bastola za zamani za Special ambazo presha yake ni 15,500. Yaani hata wao waliogopa mtu mwenye haraka. Afadhali.

Sasa za kujaza mwenyewe. Si uchawi na si za moto. Ganda lililopigwa linasafishwa, linaingizwa kwa presi linabanwa lirudi saizi, praima iliyoungua, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, inatolewa inawekwa mpya, mdomo unapanuliwa kidogo, baruti inapimwa kwa mizani ya greini, kichwa kinakalishwa, halafu mdomo wa ganda unabanwa kwenye ule mfereji wa kichwa. Ganda la shaba ndilo ghali na linatumika tena na tena, ndio maana watu wa kule wanajaza, risasi ya kiwanda ya .44 inapita dola moja kila ikilia, .500 hata usiulize. Mpwa wangu alikuwa na aina mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida, ndani ya kitabu cha vipimo vya baruti, na kwa kronografu ilikuwa polepole kuliko ya kiwanda, akaninong'oneza "Anko, hizi ziko chini." Nikamwambia atazame vile namba zimekaribiana. Za kiwanda zilikuwa zinaruka, moja juu, moja chini, zake zilifuatana, na kwenye karatasi ya shabaha yadi 25 mashimo yalijikusanya kushinda yale ya kiwanda. Hiyo ndiyo faida ya kujaza mwenyewe, kufanana, kwamba ya tano ni sawa na ya kwanza. Mwenye kutafuta moto hajui anachotafuta.

Manake aina ya pili ilikuwa ya moto. Alikuwa amepanda kidogo kidogo kutoka ile ya kwanza, bado anasema yuko ndani ya kitabu, na mimi sikuitazama kronografu tena nikawa naokota maganda. Mviringo wa kwanza yalitoka kwa kidole. Wa pili ilibidi agonge kile kijiti cha kutolea maganda na kiganja, na nikigeuza ganda naona praima imelala bapa, ule ukingo wake wa mviringo umeisha kabisa, umejaza kitundu chote. Mwendo ulikuwa umeongezeka kidogo sana, kitu hata shabaha haiwezi kukuonyesha. Hizo zote ni dalili za presha kupanda mno, nikamwambia simama hapo, na kwa haki yake alisimama bila ubishi, zilizobaki akaenda kuzivunja nyumbani na ile nyundo ya plastiki ya kung'olea vichwa, baruti akaimwaga kwa bustani ya mkewe.

Kuna kitu kingine nilichokifurahia sana kukiona na macho yangu. Revolva kubwa ikirudi nyuma kwa nguvu, zile risasi ambazo hazijapigwa bado ndani ya silinda zinataka kubaki palepale, ganda linarudi na bastola, kichwa kinabaki, kwa hivyo taratibu kinachomoka mbele. Kikitokeza nje ya uso wa silinda, silinda haizunguki tena, umebaki na chuma mkononi. Kipimo chake ni rahisi, unapima urefu wa risasi ya mwisho na kaliba, kile chombo cha kupimia urefu, kabla, unapiga zile zingine, unaichomoa unaipima tena. Za kiwanda zilisimama imara. Moja ya zile za moto ilikuwa imesogea mpaka inaonekana hata bila kaliba. Mtu angeijaza kwa ajili ya dubu wa Alaska, wenzetu hubeba hizi bastola kwa dubu, angefyatua mara kadhaa dubu akikaribia halafu silinda inagoma.

Hapa kwetu dubu hakuna na uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo mwenye kutaka .44 Nakuru aniambie ni ya nini. Na kujaza risasi gereji bila leseni, tafadhali, Sheria ya Bunduki Sura 114 haichezi na mtu anayetengeneza risasi na baruti yenyewe ina sheria yake ya vilipuzi, asitokee kijana wa Kondele akaniambia ameona video. Nimeeleza hii yote kwa sababu ile tabia ya kupima ndiyo tunaihitaji hata kwa 9mm, na zaidi tunaihitaji sisi ambao risasi zetu zimehesabiwa kwa cheti.

Angalia mwenye cheti wa kawaida. Alipata risasi zake, akaziweka kwa magazini, na usiku anaitoa ile ya chemba, iliyo tayari kulia, anaiweka kwa droo, asubuhi anairudisha hiyo hiyo moja, mwaka unaisha, wa pili unaisha. Kila mara ikipigwa na slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, kwenda ndani, kichwa kinasukumwa kidogo kuingia kwa ganda. Ni kinyume cha ile ya revolva, huku kinarudi ndani. Nafasi ya baruti ikipungua presha inapanda, na 9mm ni ganda dogo, mabadiliko madogo ya urefu yanapandisha presha sana. Nimewahi kuzishika za jamaa mmoja hapa mtaani, nikaisimamisha ile ya chemba kando ya mwenzake wa boksi lile lile juu ya meza ya plastiki, hata bibi yake aliyekuwa analeta chai akaona ni fupi. Praima yake pia ilikuwa na alama ya kugongwa kidogo. Hiyo ndiyo ilikuwa risasi ya kwanza kutoka siku akivamiwa! Nilimwambia asiipige, airudishe mahali alipoinunua.

Akaniuliza mbona asizipige zote anunue mpya, na hapo ndipo shida ya nchi hii ilipo. Cheti kinaweka idadi ya risasi unazoruhusiwa, risasi ni ghali, reinji ni safari, watu wa Kirigiti kule Kiambu wanapiga mashindano lakini mwenye duka la jumla Kisumu ama Bungoma anaona akimaliza risasi ataulizwa maswali. Basi anakaa nazo. Amebeba kitu asichojua kama kitalia, na anabishana ati kingekuwa kikubwa.

Wakati wa ule uhakiki wa wenye bunduki wa 2018 hadi 2019 watu walipanga laini, wakachunguzwa, vyeti vikabadilishwa. Sawa. Mimi ningependa pia risasi yenyewe ichunguzwe, mtu akienda kufanya upya cheti apige magazini moja ya zile alizobeba mwaka mzima mbele ya mkufunzi, halafu auziwe nyingine papo hapo bila hiyo kuhesabiwa kama ameongeza. Tena Eldoret tuna kiwanda cha serikali kinachotengeneza 9mm, kipo tangu miaka ya tisini, hatuko mbali na risasi kama nchi zingine zinazosubiri meli.

Kwa hivyo Bwana Mhariri ombi langu ni mumtafute mtu wa Bodi ya Leseni za Bunduki awajibu wasomaji kwa ukurasa wenu mambo mawili. Risasi za mazoezi zilizopigwa kwa reinji iliyosajiliwa zinahesabiwa vipi kwa cheti, na risasi kuukuu ama iliyofupika mwenyewe airudishe wapi, kituo cha polisi ama kwa muuzaji, na atapewa karatasi gani ya kuonyesha ameirudisha. Yule jamaa wa mtaani bado anazunguka na yake kwa bahasha.

Ni mimi,
Fundi wa silaha mstaafu,
Lanet, Nakuru.