Mama yangu hana homa ya uti wa mgongo

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu nikiwa mwalimu wa hesabu, na miaka yote hiyo sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Safari hii mmenichokoza. Ile habari ya "Uti wa mgongo kutabiri ugonjwa wa kusahau kwa asilimia 100" najua mnaikumbuka, maana herufi zake zilikuwa kubwa kuliko za Simba na Yanga.

Mama yangu ana miaka 81 na anasahau. Majirani wamemzoea. Kuna mtoto wa nyumba ya pili alikuwa akija kila jioni kula naye sinia moja. Baada ya habari yenu hakuonekana. Siku ya tatu nikaenda kuuliza. Mama yake akaniambia huku anaangalia chini, "Mwalimu, si gazeti limesema wanaosahau wana uti wa mgongo? Na ule si unaambukiza?" Mhariri, mtaani ukitaja uti wa mgongo mtu anasikia homa ya uti wa mgongo, ile inayoua watoto. Mwandishi wenu kakulia wapi asilijue hilo? Kinachopimwa ni maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo, yanayotolewa kwa sindano kiunoni. Kwa mgonjwa wa Alzheimer, ndio huo ugonjwa wa kusahau, protini ya amiloidi hupungua kwenye maji hayo kwa sababu imeganda ubongoni, na ya tau huongezeka. Hapo mdudu wa kumrukia mtoto yuko wapi? Na mama yangu sindano hiyo hajachomwa hata siku moja!

Tena hiyo asilimia 100. Inatoka kwenye utafiti wa mwaka 2010. Kundi lenyewe lilikuwa watu 57 walioanza kusahau tayari, wakafuatiliwa miaka 5. Walioishia kupata Alzheimer wote walikuwa na alama hiyo ya protini kwenye maji. Mkageuza ikawa kila mwenye alama ataugua. Kila ng'ombe ana mkia, sawa, na paka je? Utafiti huohuo uliikuta alama hiyo kwa asilimia 36 ya wazee ambao kumbukumbu zao hazikuwa na tatizo. Hao mliwatupa wapi?

Labda nafasi ilikuwa finyu, kwa kuwa chini ya habari mliweka tangazo la unga wa kurudisha kumbukumbu. Dada yangu akanunua makopo mawili. Mama kayaweka mahali, hakumbuki wapi.

Sitaki masahihisho ya mistari miwili ukurasa wa 14. Mtumeni mwandishi aje Ngamiani Jumamosi saa saba mchana, ale wali wa nazi na mama yangu sinia moja, apigwe picha, na mwichapishe kwa herufi zilezile. Mama atamuuliza mara sita kama ameshiba. Ajibu zote sita.

Mwalimu mstaafu,
Tanga