Malalamiko: kempa bado inavuja na mmenitoza mara mbili

Kwa meneja wa gereji,

Habari za kazi. Nimeamua kuandika maana kila nikipiga simu yule dada wa ofisini anasema fundi yuko saiti, bosi atakupigia, na bosi hapigi.

Ni kuhusu ile kempa yangu, gari la kulala ndani, Toyota Camroad tuliyoitoa Japani, nyeupe, yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, mnaikumbuka vizuri tu maana vijana wenu walipiga nayo selfi siku nzima. Mwezi wa pili mlinitoza milioni moja na laki nane kuziba paa na kurekebisha ngazi na taa. Masika yakaanza, maji yakaingia tena, nikairudisha, mkanitoza laki tisa na nusu nyingine eti hilo ni tatizo jipya. Jipya vipi jamani? Kona ileile, juu ya kabati la vyombo upande wa kushoto, doa lilelile la rangi ya chai ambalo mlilipaka rangi nyeupe mkajua sitaliona.

Juzi nikamwita fundi wa mbao hapa Njiro afungue paneli moja tu mbele ya macho yangu. Plaiwudi ya ndani ukiibonyeza na dole gumba linazama, mbao ya fremu nyuma yake imekuwa nyeusi na ukiivuta inatoka nyuzinyuzi zinazochuruzika maji, harufu ya fangasi mpaka tukafungua milango yote. Na maji wala hayaingilii pale! Yanaingilia kwenye kidirisha cha paani, yanatambaa na mbao ya paa mita nzima na zaidi ndo yanakuja kudondoka juu ya kabati. Anayejiita fundi wa kempa lazima ajue kwamba penye doa mara nyingi sipo maji yanapopitia.

Sasa pale kwenye kidirisha mmefanya nini? Mmepaka silikoni ya bafuni juu ya gundi ya zamani. Juu yake! Hamkung'oa fremu, hamkukwangua chochote, vumbi la Ngorongoro bado lipo chini yake, ukiigusa na ukucha inabanduka ndefu kama tambi. Kazi ile unang'oa fremu, unakwangua mpaka aluminiamu ionekane, unaweka tepu ya butili, ile ya mpira unaonata, chini ndo unamalizia na gundi ya poliyurethani, Sikaflex mbona inauzwa mjini hapahapa. Gari linacheza, ile barabara ya mawimbi ya Naabi kwenda Seronera kule Serengeti inatikisa kila jointi, na silikoni ya bafuni imetengenezwa kwa ajili ya ukuta ambao hauendi popote. Halafu sasa na silikoni yenyewe imeshaganda pale, gundi nyingine haishiki mpaka itolewe yote, kwa hiyo mmeniongezea kazi na mimi ndo nimewalipa kwa hiyo kazi.

Na hivi gereji inayotangaza kutengeneza kempa inakosaje hata kimita cha kupima unyevu? Mbao kavu inasoma chini ya asilimia 15 hivi, ikipita 20 unajua kuna maji. Fundi wenu alipima kwa kiganja, akasema "pakavu hapa mama". Wiki hiyohiyo wageni wangu wakaamka Karatu godoro limelowa, na baridi ya Karatu mnaijua, ikabidi niwarudishie hela niwalipie na lodge.

Nataka laki tisa na nusu irudi yote, maana mara ya pili hamkutengeneza kitu. Mbao iliyooza na plaiwudi mlipe nyie, fundi namchagua mimi. Ile milioni na laki nane tukae tuongee, kwa sababu ngazi na taa mlizorekebisha kipindi kile ziko poa, siwezi kuwasingizia.

Risiti za EFD ninazo zote mbili (ya pili mpaka tukagombana), picha ninazo, na video ya maji ya hosi yakiingia ninayo. Nisipopata jibu mpaka Ijumaa ya wiki ijayo napeleka vyote FCC, Tume ya Ushindani, si ndo wanaomlinda mlaji.

Msipige, jibuni kwa meseji au imeili ili maandishi yabaki. Mkitaka kuiona ipo nyumbani chini ya turubai, njooni mchana na mje na ngazi yenu.

Mwenye Camroad nyeupe,
Njiro, Arusha